Kotmiri na Kaskazi: Kwa Nini Inachanua Kabla Hujaichuma

Wiki moja kabla ya Ramadhani nilikuwa soko la Mwanakwerekwe, hapa Unguja, nimesimama nyuma ya mama mmoja aliyeshika fungu la kotmiri. Majani yamenywea, na bei imepanda kama kawaida ya msimu.

"Hii ya lini, mwanangu?"

"Ya leo, mama. Imeshuka na boti asubuhi."

Mama akalinusa, akaligeuza mizizi juu, akalirudisha mezani. "Ya leo kwa boti. Kwa shamba ni ya juzi."

Hapo mazungumzo yakawaka. Mmoja anasema kotmiri haioti visiwani, ni mboga ya baridi. Wa pili anasema inaota, ila mbegu za dukani huchemshwa makusudi ili tusipande. Wa tatu kashapanda mara nne na kila mara imeota vizuri, halafu imekufa ikiwa na shubiri moja, kwa hiyo anaamini ana mkono wa moto. Nilinyamaza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilishawahi kuyasema yote matatu.

Ukweli ni kwamba kotmiri inaota Unguja na inaota Pemba. Tatizo ni kwamba tunaipanda kama mchicha, na yenyewe si mchicha.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo nusu ya mkanganyiko ilipo. Kotmiri ni majani mabichi, na neno lenyewe limevuka bahari: Wagujarati wanayaita kothmir. Giligilani, kwa tulio wengi hapa, ni zile punje za duara zinazosagwa kwenye bizari. Ukivuka kwenda Bara, ukitaja giligilani utapewa majani. Ukifika Mombasa itakubidi useme dania. Yote hayo ni mmea mmoja. Punje ndiyo mbegu yake, na ukiifukia utapata majani. Nimekutana na watu wazima, wapishi hodari wa pilau, ambao hawakuwahi kuambiwa hivyo. Katika makala hii majani nitayaita kotmiri na punje nitaziita giligilani.

Neno la pili la kuelewa ni kukimbilia maua. Kotmiri changa hukaa chini, majani mapana yamesambaa kama kiganja. Siku moja unaamka unakuta katikati pamechomoza shina limesimama kama mlingoti. Majani yanayotoka kwenye shina hilo ni membamba, yamechanikachanika kama ya shamari, na harufu yake si ile. Wengine hudhani wameuziwa mbegu ya kitu kingine, au kwamba imegeuka. Haikugeuka. Imeacha kazi ya majani, imeingia kazi ya kuzaa.

Ni mmea wa msimu mmoja. Unaota, unatoa majani, unachanua, unazaa punje, unakufa, na hakuna dawa ya kuufanya uishi miaka kama mchaichai. Katika hali ya baridi kiasi safari hiyo huchukua miezi mitatu hadi minne. Penye joto na shida unaifupisha. Fikiria abiria anayekunywa chai pale bandari ya Malindi, Unguja, kisha akasikia honi ya boti. Haimalizi chai, anaiacha nusu kikombe na kukimbilia geti. Joto kwa kotmiri ni honi. Kiu ni honi nyingine. Kusongamana, kung'olewa na kuhamishwa, udongo kukauka siku mbili kisha kufurikishwa maji, kote huko ni kupigiwa honi. Mmea unahisi muda umekwisha, unaacha majani nusu na kukimbilia mbegu.

Katika nchi za mbali na ikweta kuna honi ya ziada, nayo ni urefu wa siku. London mwezi Juni jua hukaa juu zaidi ya saa 16, na kotmiri ikiona siku zinarefuka hukimbilia maua hata kama joto ni la wastani. Sisi tuko kwenye nyuzi kama sita kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki saa moja. Kwa maneno mengine, upande huo tumebarikiwa. Kilichobaki ni joto na shida, na hayo mawili mtu anaweza kuyapunguza akiwa na ua tu nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana maelezo ya nyuma ya pakiti za mbegu za kigeni yanatupoteza. Yanasema panda baada ya barafu ya mwisho kuyeyuka. Ukisubiri barafu iyeyuke Chake Chake utasubiri mpaka kiama. Huko barafu ndiyo adui na joto ni mkombozi, huku hatuna barafu kabisa. Bora kuwaangalia jirani zetu wa ng'ambo ya bahari: Wahindi, wenye joto kuliko letu, hupanda kotmiri kwa wingi majira yao ya baridi yanapoingia, Oktoba na Novemba. Sisi baridi yetu, kama inastahili jina hilo, ni kipupwe.

Kotmiri hustarehe kati ya nyuzi 17 na 27 hivi. Mwezi wa Februari na Machi, kaskazi likiwa limetulia na hewa imeganda, mchana wa mjini hufika karibu nyuzi 33. Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma, mchana huwa nyuzi 28 hivi na usiku hushuka hadi 22 au chini kidogo. Nyuzi tano unaweza kuziona si kitu. Kwa kotmiri ndizo zinazotenganisha chai nusu kikombe na chai yote. Na ukitaka kujua kwa nini ya Lushoto inakuja imenawiri, hesabu milima: mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kila ukipanda mita 100 joto hupungua zaidi ya nusu nyuzi. Jumla ni kama nyuzi nane. Wakulima wa kule hawana uchawi, wana mlima.

Hapa kuna jambo ambalo silisikii likisemwa. Wazee hupenda kutuambia kuwa zamani kotmiri ya futari ilikuwa tele, siku hizi imeadimika. Huenda wako sahihi, ila angalia kalenda kwanza. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2013 iliingia Julai, katikati ya kipupwe. Mwaka 2026 imeingia Februari, ndani ya kaskazi. Yaani mahitaji ya chatne, kachori na supu yanapanda wakati ule ule ambapo mmea wenyewe unahangaika. Ramadhani ikiendelea kurudi nyuma itaingia kwenye vuli, na inachukua miaka kama 33 kuzunguka duara zima. Aliyepanda Juni 2013 akavuna kwa ajili ya futari hakuwa na mkono wa baridi kuliko wewe. Alikuwa na mwezi mzuri.

Sasa zile hadithi za mbegu. Kwamba giligilani ya dukani imechemshwa: la. Giligilani ya bizari ni punje iliyokaushwa tu, na nyingi zinaota. Isiyoota ni iliyokaangwa, iliyovunda, au iliyokaa gunia miaka kadhaa. Huna haja ya kubishana na muuza duka. Chukua punje kumi, zikunje ndani ya kitambaa kibichi, weka kwenye sahani kabatini, usiache kitambaa kikauke. Ukiona sita au saba zimechipua ndani ya siku kumi na nne, hiyo ni mbegu nzuri. Zikichipua mbili, ipeleke jikoni.

Lakini mbegu ya dukani ina kasoro moja ya kweli. Imetoka kwa wakulima wanaouza punje, na mkulima wa punje anataka mmea unaozaa mapema. Kwa vizazi vingi wamechagua ile yenye haraka. Ukiipanda kwenye kaskazi unaweza kuona mlingoti ndani ya wiki tano. Zipo mbegu zilizochaguliwa kwa ajili ya majani, zinazochelewa kuchanua. Mojawapo inayojulikana sana duniani inaitwa Santo. Ni ghali zaidi, na hata hizo zinachelewa tu, hazikatai.

Jambo la pili kuhusu punje: kile kiduara kimoja ni nyumba ya mbegu mbili, kama ganda la karanga. Ukilifukia zima, maji huchelewa kuingia na miche miwili huota imebanana. Mimi hulipasua. Namwaga giligilani juu ya sakafu ya saruji, napitisha kifimbo cha kusukumia chapati kwa mkono mwepesi hadi nisikie mlio mdogo, kama wa chumvi ya mawe. Inatakiwa igawanyike nusu mbili, isivunjike. Ukizidisha nguvu utakuwa umetengeneza bizari, na hiyo haioti. Baada ya hapo nazilaza kwenye maji usiku kucha, asubuhi nazichuja, na napanda siku hiyo hiyo.

Panda pale pale itakapokaa. Hapa ndipo wengi tunapokosea, maana tumezoea tungule na pilipili, unasia kwenye kitalu kisha unahamisha. Kotmiri ni ukoo mmoja na karoti, ina mzizi mkuu unaozama chini moja kwa moja. Hakuna mtu anayehamisha karoti. Ukiung'oa mche huo mzizi unakatika ncha, na hata ukishika utakuwa umeshapigwa honi. Kina cha mbegu ni kama upana wa ukucha wa kidole gumba, si zaidi. Chombo kiwe na kina cha shubiri moja au kuzidi: dumu la mafuta la lita 20 lililokatwa kwa urefu, ndoo iliyotoboka, besheni kuukuu, kiroba cha mchele.

Rangi ya chombo si urembo. Mara yangu ya kwanza nilipanda kwenye ndoo nyeusi juu ya sakafu ya roshani, mwezi wa Januari. Zikaota siku ya tisa, nikafurahi, nikawaita watu waje kuona. Wiki ya tatu, saa nane mchana, nilitia kidole kwenye udongo nikakitoa haraka: ulikuwa moto kama maji ya kuogea mtoto. Juu majani yalikuwa na kivuli kizuri, lakini mizizi ilikuwa inachemka. Tangu hapo natumia kiroba cheupe, au bora zaidi, chungu cha udongo. Sote tunajua kwa nini maji ya mtungi ni baridi. Mtungi unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Udongo wa bustani ndani ya chungu hupoa kwa njia hiyo hiyo. Gharama yake ni kwamba hukauka upesi, kwa hiyo mwagilia asubuhi na angalia tena jioni.

Kuhusu kivuli, usiifiche kabisa. Kotmiri iliyofichwa hurefuka na kulala kama uzi. Ipe jua la asubuhi mpaka saa nne au saa tano, kisha ukuta, mgomba au ukuti wa mnazi uichukue. Upande wa mashariki wa nyumba unafaa kuliko pengine popote. Juu ya udongo tandaza majani makavu ili usipigwe na jua. Wengi hutumia makumbi ya nazi, na ni mazuri, ila tahadhari moja: makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi. Yaloweke, umwage maji, uyaloweke tena.

Chumvi ni adui asiyetajwa. Visima vingi vya karibu na pwani, na hasa upande wa mashariki wa Unguja kwenye mawe, maji yake yana ukali wa chumvi. Mnazi unavumilia. Kotmiri inaungua kingo za majani, inageuka kahawia, na mtu anadhani ni ugonjwa. Onja maji. Kama ulimi unakuambia ni ya chumvi, tumia ya mvua au ya mfereji. Udongo nao una maneno yake. Mwenye kinongo, ule udongo mwekundu wenye rutuba, ana bahati, achanganye samadi iliyooza na apande. Mwenye kichanga aongeze mboji nyingi kwa kuwa maji hayakai. Mwenye kinamo, ule udongo mzito wa mfinyanzi, ainue tuta, na wa uwandani asihangaike na mwamba, apande kwenye vyombo. Mavi ya kuku mabichi usithubutu, yanaunguza. Na mbolea ya chumvichumvi, ile ya kukuzia, ikizidi itakupa majani makubwa yasiyo na harufu. Kotmiri isiyonukia ni nyasi.

Halafu kuna wanaosema joto likizidi, ongeza maji. Maji hayazimi jua. Udongo uliolowa mchana na usiku huleta kinyausi, mche unaoza shingoni na kuanguka kama aliyekatwa. Unyevu wa kadiri kila siku unashinda mafuriko ya siku moja. Masika yenyewe hufanya kazi hiyo ya kuozesha bila msaada wetu, kwa hiyo Aprili na Mei kama una chombo kiweke chini ya upenu.

Swali ninaloulizwa zaidi: nikikata mlingoti, majani yatarudi? Kwa bahati mbaya, hapana. Utapata siku chache, kisha mlingoti mwingine utachomoza ubavuni. Uamuzi umeshapita ndani ya mmea, na mkasi hauwezi kuurudisha. Badala ya kupigania mmea mmoja uishi miezi sita, panda mimea michache kila baada ya wiki mbili. Vyombo vitatu vinatosha familia. Cha kwanza unachuma, cha pili kinakua, cha tatu umesia juzi. Cha kwanza kikikimbilia maua, wewe umeshahama. Nilipofahamu hili nikaacha kuichukulia kotmiri kama mti na kuichukulia kama mkate: hakuna anayelalamika kuwa mkate wa jana umekwisha, unaoka mwingine.

Kwa mzunguko wa mwaka, nafasi yako kubwa ni tangu Juni masika yakiisha mpaka Septemba. Hapo hata mwenye mkono wa moto atavuna. Oktoba hadi Desemba panda kidogo kidogo chini ya kivuli. Januari hadi Machi, kama unaitaka kwa lazima, isie kwa wingi na imebanana, uikate yote ikiwa na wiki tatu au nne, kabla haijapata wakati wa kufikiria maua. Ni laini, inanukia, na kwa chatne haina mpinzani. Au tafuta mmea mwingine kabisa, binamu yake wa mbali kutoka nchi za joto za Amerika, wenye majani marefu yenye meno kama msumeno na harufu ya kotmiri kali zaidi. Wanasayansi huuita Eryngium foetidum. Huo unapenda kivuli na joto letu, na jani lake moja lafanya kazi ya matatu. Ukiuona mahali omba mche bila haya.

Kiwango cha kuchuma: majani ya nje kwanza, kiini cha kati kibaki, na usizidishe theluthi moja kwa mara moja.

Na ile iliyokwisha kuchanua, usiing'oe kwa hasira. Haina sumu kama wengine wanavyotishana. Maua yake meupe huita nyuki, na punje zikiwa bado kijani, ukizitwanga na pilipili mbichi na ndimu, utapata ladha iliyo kati ya jani na bizari ambayo hainunuliki sokoni. Zikikauka na kuwa kahawia ndiyo mbegu yako ya mwakani.

Ila angalia unachukua ya nani. Mmea unaochanua kwanza ndio unaokauka kwanza, nasi kwa papara tunachuma punje zake na kuzihifadhi. Bila kujua tunachagua mwenye haraka kuliko wote, na mwakani tunashangaa mambo yamezidi. Fanya kinyume. Wa kwanza kutoa mlingoti mle kabla hajachanua, asije akachavusha wenzake. Wa mwisho, yule mkaidi aliyebaki na majani wakati wengine wote wameshasimama, huyo ndiye umwachie azae. Miaka miwili mitatu ya uchaguzi huo inaanza kuonekana kwenye ua wako.

Mwaka huu wangu ni mmoja tu, kwenye chungu kilicho karibu na mlango wa jikoni. Nimemfunga uzi mwekundu shinani ili asichanganywe na wengine. Mtoto wa jirani alikuja kuazima chumvi, akauona, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni hirizi.

Nikamwambia ndiyo, ya kuzuia mama yake asimchume.